Tuambieni mlango uko wapi na saa ngapi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua ni ndefu, mkitaka kupunguza punguzeni ila ile sehemu ya daktari naomba sana msiiguse. Naandika kwa sababu ya ile barua ya dada aliyeuliza ampeleke wapi mume wake anayekunywa. Nimesoma majibu ya wasomaji na karibu wote wanasema kitu kimoja, aache tu, kwani nani kamshikia glasi, akiamua ataacha. Mimi niliamua. Niliamua kila asubuhi kwa miaka kama 6 hivi na jioni nikawa na glasi mkononi, kwahiyo hilo la kuamua siwezi kumwambia mtu. Ninachotaka kusema ni kwamba toka pale mtu anaposema nataka kuacha mpaka pale anapokaa kwenye kiti na wenzake wanaoacha pombe kuna safari, na hiyo safari ina vikwazo vidogovidogo ambavyo vinamrudisha mtu nyumbani, namba haipatikani, saa imeandikwa vibaya, mlango haujulikani ni upi, na vyote hivyo vinarekebishika bila hela nyingi wala bila kusubiri serikali.

Mimi ni mama, nina kazi, na nilikua nakunywa jikoni watoto wakishalala. Chupa naificha nyuma ya ndoo ya kudekia maana najua nyumba nzima hakuna mwingine anaeshika ile ndoo. Asubuhi nazimua kidogo ili mkono usitetemeke nikiwa nasaini karatasi kazini. Hakuna mtu alinijua, au ndo nilivyokua nafikiri, maana baadae dada yangu aliniambia alijua toka mwaka wa pili akawa anaogopa kuniuliza.

Usiku mmoja saa tisa nikiwa macho nikaandika kwenye simu maneno haya, nataka kuacha pombe nisaidieni. Intaneti ikaleta majina na namba. Namba ya kwanza haitumiki. Ya pili nikatuma meseji, ikajibiwa baada ya siku 8, na siku 8 kwa mtu anaekunywa kila siku ni nyingi mno, ile hamu ya kuacha niliyokua nayo usiku ule ilikua imeshaisha nikawa naona aibu hata kuifungua ile meseji. Ya tatu ilikua anwani ya ukumbi na saa, kila Alhamisi jioni. Nikajipanga wiki nzima, nikadanganya nyumbani nina kikao, nikafika, geti limefungwa na kufuli. Mlinzi akaniambia hao watu walishahama zamani mama. Akasema kwa upole tu. Mimi nikamjibu asante, nikageuka, na kabla sijafika nyumbani nilikua nimeshanunua chupa, na baada ya hapo nilikaa karibu mwaka mzima bila kutafuta tena. Mwaka mzima mhariri, kwa sababu ya tangazo ambalo mtu alisahau kulibadilisha.

Simlaumu aliyesahau, saivi namjua mtu wa aina yake, anajitolea, hana mshahara, ana kazi yake na familia yake, na yeye mwenyewe yuko kwenye kupambana na pombe. Ila nataka ajue kilichotokea upande wa pili wa lile geti.

Sasa sehemu ya daktari. Katika ule mwaka nilijaribu kuacha peke yangu nyumbani, ghafla, bila kumwambia mtu, kwa sababu ndo ushauri niliokua nausikia kila mahali, acha tu. Siku ya kwanza jasho, kutapika, moyo unaenda mbio, nikasema hii ni arosto itapita. Usiku wa pili nikaanza kuona vitu ukutani vinatembea na nikawa naongea na marehemu mama yangu, na hapo ndo dada yangu akanibeba hospitali, sijui ningekua wapi kama asingekuja. Daktari alinieleza taratibu kesho yake nilivyotulia. Alisema pombe inaupoza ubongo, na mtu akinywa kila siku kwa muda mrefu ubongo unajizoesha kwa kujiongezea kasi ili uweze kufanya kazi hivyohivyo na pombe ndani, sasa ukiitoa pombe yote mara moja ile kasi inabaki haina wa kuishika. Mitetemo inaanza ndani ya saa chache mpaka siku moja baada ya glasi ya mwisho, kifafa kikija mara nyingi kinakuja ndani ya siku 2 za mwanzo, na kule kuweweseka na kuona vitu kunaanza kama siku ya 2 mpaka ya 4, na mtu anaweza kufa, kweli kabisa, anakufa kwa kuacha. Hospitali wanakupa dawa ya kuutuliza ubongo wanaipunguza kidogo kidogo wakikuangalia, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi inakua imewaishia mwilini. Kwahiyo yule dada, na wote mliomjibu, kama mume anakunywa kila siku, kama anazimua asubuhi, kama ameshawahi kutetemeka au kuanguka kifafa akikosa pombe, msimfungie chumbani aache. Daktari kwanza. Kikundi hakitibu arosto, na kikundi chochote kizuri kitakuambia hivyohivyo.

Pale wodini ndo nilipopata njia. Nesi mmoja, siku ya kutoka, aliniandikia namba kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi akasema huyu atapokea, nimempigia leo asubuhi nikahakikisha. Hayo maneno mawili ya mwisho, nimempigia nikahakikisha, ndo yalionibeba. Karatasi yenye namba nilishakuwa nazo, ila hakuna aliyewahi kunihakikishia kwamba kuna mtu ataipokea.

Nikapiga nikiwa chooni, bomba nimefungua maji yatoe kelele nisisikike. Akapokea mzee, sauti nzito. Nikanyamaza. Akasubiri, akasema, haya taratibu tu mimi sina haraka. Nikasema naulizia mkutano. Hakuniuliza jina, hakuniuliza nakunywa kiasi gani, akasema mimi mwenyewe ni mlevi dada yangu, leo sijanywa, unataka nikuambie inakuaje pale? Alafu akanieleza kila kitu, mlango uko upande wa nyuma, una taa moja juu, usipite mbele maana mbele kuna shughuli nyingine, tunaanza saa kumi na mbili na nusu tunamaliza saa moja na nusu, mtakua watu kumi na kitu, wanawake wapo watatu au wanne, ukifika mapema hutapenda kukaa peke yako kwahiyo mimi ntakua nje pale kwenye taa nimevaa sweta ya kijani. Mpaka leo nashangaa alijuaje kwamba kitu nilichokua naogopa ni mlango. Kumbe wote wanaogopa mlango.

Na nilizunguka ule ukumbi mara tatu. Nikamwona na sweta yake, nikapita kama naenda zangu, nikarudi, nikapita tena. Hakuniita. Mara ya tatu akasema karibu mama, kuna viti vya nyuma, na akaniacha niingie mwenyewe.

Kikundi chenyewe kinaitwa AA, yaani Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha bila kutajana majina nje. Nataka niwaeleze kilichomo ndani kwa sababu kabla sijaingia nilikua na picha za ajabu, nilifikiri kuna mtu wa mbele ataniuliza maswali, nilifikiri ntasaini daftari, nilifikiri ntaambiwa nisimame niseme dhambi zangu na nikifika kazini wote wameshajua. Hamna daftari. Viti vimepangwa duara, pembeni kuna chai. Mtu anafungua kwa kusoma maneno mafupi yanayosema sisi ni nani na nini kinatuleta, kimya kidogo, kuna dua fupi ya kuomba utulivu ambayo ukitaka unaisema usipotaka unakaa kimya, alafu mmoja anaanza kuelezea ilivyokua na ilivyo sasa. Akimaliza anaongea mwingine. Hakuna anaemkatiza mwenzie, hakuna anaemjibu, hakuna anaetoa ushauri kwa kidole, mtu anaongea ya kwake ananyamaza. Zamu ikikufikia unaweza kusema naitwa fulani, leo nasikiliza tu, na wanasema karibu na zamu inaenda kwa mwingine. Mimi nilisikiliza tu kwa mikutano mitano. Wa sita nilisema jina nikalia, na hilo nalo halikumshangaza mtu, jirani yangu alinisogezea kitambaa macho yake yakiwa kwa anaeongea.

Linapita kapu au kofia, unaweka ulichonacho kama unacho, mgeni wanamwambia asiweke kitu. Hela yenyewe ni ya kulipia ukumbi na chai. Hawapokei mfadhili wa nje hata akija na nia njema, hio ni moja ya desturi zao 12 zilizopitishwa mwaka 1950, na desturi nyingine inasema kitu pekee kinachohitajika ili uwe mwanachama ni hamu ya kuacha kunywa. Sio dini, sio kadi, sio uwe umeshaacha. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaogopa kuingia wakiona mkutano uko ukumbi wa kanisa, jamani wamepanga ukumbi tu, ndani nimekaa na watu wa dini tofauti na wasiokua na dini kabisa. Mikutano iko ya aina mbili, ya wazi anaweza kuingia yeyote hata ndugu hata mwanafunzi anaetaka kuelewa, na iliyofungwa ni ya wenye shida ya pombe wenyewe. Kwahiyo uliza kabla hujampeleka ndugu yako na wewe ukataka kukaa nae.

Kuna hadithi moja wanapenda kuisimulia na mimi kila nikiisikia nakumbuka lile kufuli. AA ilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Marekani. Bill Wilson, mtu wa mambo ya hisa kutoka New York, alikua ameacha pombe miezi michache tu, toka Desemba 1934, akaenda Akron kwa biashara na biashara ikaharibika. Akawa peke yake hotelini, wikiendi, upande mmoja wa ukumbi anasikia vicheko vya baa na upande mwingine kuna simu na orodha ya makanisa ya mji. Akachagua simu. Akapiga huku na huku akitafuta mlevi mwingine wa kuongea nae, akitafuta msaada kwa ajili yake mwenyewe, asinywe jioni ile, mpaka mtu mmoja akamuunganisha na mama mmoja na yule mama akamuunganisha na daktari mpasuaji Bob Smith ambaye alikua anakunywa vibaya sana. Dokta Bob alikubali kukaa nae dakika chache wakakaa masaa. Glasi yake ya mwisho ilikua tarehe 10 Juni 1935, na hio ndo siku wanayoihesabu kua mwanzo wa AA, siku mtu wa pili alipoacha. Sasa mimi nafikiria, kama simu zote zile zisingepokelewa?

Najua kuna wanaosema hivi vikundi ni kulia pamoja tu hakuna sayansi. Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya elfu 10 na wakaona kwamba programu za kumuunganisha mtu na AA, zikiendeshwa kwa utaratibu unaoeleweka, zilisaidia watu wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine walizolinganishwa nazo kama zile za kubadilisha fikra na tabia. Sio kwamba kila anaeingia anapona. Nimewaona walioingia wakatoka na mmoja tumemzika. Ila mtu akiniambia havisaidii namwambia aende akakae nyuma pale Alhamisi mbili tatu.

Na AA sio peke yake. Msalaba wa Buluu, shirika la Kikristo la kusaidia wanaokunywa, upo toka 1877, ulianzia Uswisi. Women for Sobriety ilianzishwa Marekani 1975 na mwanamke aliyeona kwamba aibu ya mwanamke anaekunywa ina uzito wa pekee inahitaji maneno yake, na hilo mimi nalielewa vizuri sana, maana mwanaume akilewa watasema kalewa, mwanamke akilewa wanauliza watoto wako kwa nani. SMART Recovery imeanza 1994, hawa hawagusii habari ya Mungu wala ile nguvu kuu iliyo juu ya mtu ambayo AA wanaitaja, wanatumia mazoezi ya akili, unajifunza kuitambua hamu inavyokuja na inavyopanda na inavyoshuka. Na karibu wote saivi wana mikutano ya kwenye intaneti, unaweza kuingia usiku wa manane umezima kamera umeandika jina la kwanza tu. Kwa mtu ambaye mlango wa kweli bado unamshinda, huo ni mlango pia, mimi nimeutumia nikiwa naumwa na nikiwa safari.

Kikundi changu cha kwanza sikukaa nacho, niseme ukweli. Mzee wa sweta ya kijani nampenda kama baba yangu ila ule mkutano ulikua na wanaume wengi wa muda mrefu na hadithi zao za baa na kugombana mimi sikujiona humo, mimi sijawahi kukanyaga baa, mimi ni mtu wa jikoni na ndoo. Yeye mwenyewe ndo aliyeniambia nenda ule wa Jumamosi kuna wanawake wengi, usikubali mkutano mmoja ukuamulie, jaribu hata sita. Nikaenda, na mwanamke wa pili kuongea alisema alikua anaweka pombe kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nikajua nimefika.

Na hapa nina onyo kwa wanawake wenzangu. Ukiwa mgeni, wiki za mwanzo umevunjika moyo na umepata watu wanaokuelewa, akija mwanaume akaanza kukutumia meseji usiku anataka mwonane pembeni akufundishe zile Hatua 12, mwongozo wa AA wa kuacha pombe na kujirekebisha, kataa na mwambie mwanamke aliyekaa muda mrefu. Sio wengi ila wapo. Utaratibu mzuri ni mwanamke anachukua sponsa mwanamke. Sponsa ni yule mmoja ambaye ana muda zaidi yako bila pombe, unampigia kabla hujanywa na sio baada, na mnapitia nae zile Hatua 12. Wangu nimempigia saa nane usiku nikiwa nimesimama mbele ya duka lililofungwa. Hakuniuliza kwa nini niko nje. Aliniuliza umekula? umelala jana? umemkasirikia nani? umekaa peke yako toka lini? Njaa, hasira, upweke, uchovu, ndo vitu vinne wanavyotufundisha kuviangalia, na siku ile nilikua navyo vyote.

Kitu kingine, dawa. Utakuta mwanachama mmoja mwenye sauti kubwa anakuambia ukimeza dawa hujaacha kweli. Asikutishe. Kuna dawa zinazosaidia, naltreksoni inapunguza ule utamu na hamu, akamprosati inasaidia aliyeacha asirudi, disulfiramu inakufanya uumwe vibaya ukinywa juu yake na hiyo haitumiki bila daktari kujua. Msimamo wa AA wenyewe ni kwamba hakuna mwanachama anayeruhusiwa kujifanya daktari wa mwenzake. Sponsa wangu alinikatalia kabisa kunishauri kuhusu dawa, akasema hilo muulize aliyesomea, mimi niulize kuhusu kulia kwenye gari.

Mwezi wa nne nilianguka. Nilikunywa siku tatu. Sitaeleza kwa nini maana sababu haikua kubwa, ilikua barua tu kutoka kazini. Nilichotaka kusema ni kurudi. Niliona kurudi kwenye kile chumba ni kugumu kuliko siku ya kwanza, maana siku ya kwanza hakuna aliyekua ananitegemea. Nikaingia nikakaa nyuma, zamu ikafika nikasema nina siku moja. Wakapiga makofi yaleyale waliyompigia mzee mwenye miaka 22, na mwanamke wa chupa ya kikohozi akahama kiti chake akaja kukaa pembeni yangu mpaka mwisho. Hakusema neno.

Sasa nirudi kwa dada wa ile barua. Dada, umeuliza umpeleke wapi mumeo. Hutaweza kumpeleka kama yeye hajataka, unaweza kumfikisha mlangoni akakaa saa nzima akiangalia saa. Ila wewe mwenyewe una pa kwenda. Al-Anon ilianzishwa 1951, na mmoja wa waanzilishi ni Lois, mke wa yule Bill, ni ya wake na waume na wazazi na watoto wanaoishi na mnywaji, na huhitaji yeye aache ndo uende. Wanangu wawili wakubwa wameshakaa kwenye mikutano ya vijana, Alateen, na kijana wangu aliporudi siku ya kwanza aliniambia mama kumbe sio mimi peke yangu nilikua nahesabu chupa. Sikujua alikua anahesabu. Nenda dada, hata yeye akiendelea kunywa. Dada yangu mimi alianza kwenda kabla yangu, miezi miwili kabla, ndo maana usiku ule alijua kunibeba badala ya kunigombeza.

Na namba utakayoipata mpigie kwanza wewe, usiku huohuo, uhakikishe inapokelewa, uulize mlango uko upande gani, mkutano ni wa wazi au umefungwa, kama kuna wanawake au vijana kulingana na anaehitaji, na kama kuna mtu anaweza kusimama nje. Iandike, iweke mahali. Kuna siku mumeo atasema nataka kuacha, atasema saa mbaya, labda alfajiri labda amelia, na hamu yenyewe inaweza ikadumu nusu saa tu. Hio nusu saa usiitumie kutafuta namba.

Ndugu zangu wa vikundi, nawaomba, nawaomba kwa kweli. Mkihama ukumbi, siku hiyohiyo badilisheni tangazo, na bandikeni karatasi kwenye geti la zamani, hata mlinzi mwachieni anwani mpya. Namba ya simu iwe na zamu, wiki hii fulani wiki ijayo fulani, isikae kwa mtu mmoja mpaka achoke aizime. Meseji ijibiwe siku ileile hata kwa maneno matano. Na kila mkutano awepo mtu nje kwenye taa, dakika ishirini kabla na dakika kumi baada ya kuanza maana wengi tunachelewa makusudi. Manesi na madaktari, msitoe kikaratasi ambacho hamjakipigia, yule nesi wangu alitumia dakika mbili tu.

Na wewe mhariri. Gazeti lako lina ukurasa wa matangazo ya vifo, ratiba ya mechi, ratiba ya ibada. Naomba kona ndogo, mara moja kwa wiki, siku na saa na mlango wa mikutano ya wanaoacha pombe na ya familia zao, bila jina la mtu yeyote, na mwandishi wako mmoja azipigie zile namba kila mwezi kuona kama bado zinapokelewa, ikikaa kimya aitoe. Nimeongea na kikundi changu na vikundi vingine viwili, wako tayari kuleta orodha ofisini kwenu kila Jumatatu. Sisi tunaleta, nyie mnapiga kuhakikisha. Shirika la Afya Duniani linasema pombe ilichangia vifo milioni 2.6 mwaka 2019 duniani, na humo wamo watu walioshika simu usiku wakaandika maneno kama niliyoandika mimi.

Jina langu naomba msilichapishe, wenzangu watanielewa kwa nini. Nimeacha namba yangu kwenye bahasha kwa ajili yenu, kama yule dada atataka kuongea na mwanamke mwenzie mpeni, napokea mpaka saa sita usiku, na nikiwa kwenye mkutano namrudia nikitoka.

Msomaji wenu, miezi 19 bila pombe